Mstari mmoja wa fayawoli, neno kwa neno

Saa mbili kasoro usiku, mhasibu wa saccos moja ya Morogoro ambayo ninaiangalizia mitambo alinitumia picha ya skrini kwa WhatsApp. "Kaka habari za jioni. Hii kitu imeandika BLOCK, ndiyo tumeshavamiwa?" Picha ilikuwa na mistari mingi ya maandishi meupe kwenye kioo cheusi, imetoka kwenye kikompyuta cha Linux kinachokaa kati ya mtandao wa ofisi yao na intaneti. Mstari alioupigia duara jekundu ulikuwa huu:

[UFW BLOCK] IN=eth0 OUT= SRC=203.0.113.45 DST=198.51.100.7 PROTO=TCP SPT=51544 DPT=23 SYN

Anwani za nje nimezibadilisha. Hizo unazoziona zimetoka kwenye mafungu yaliyotengwa rasmi kwa ajili ya mifano ya vitabuni, hazina mwenyewe, kwa hiyo usihangaike kuzitafuta.

Nikamjibu kwamba hapana, hamjavamiwa, huo ni mlango uliofungwa unaokwambia kuwa umefungwa. Jibu lilikuwa sahihi ila nililitoa haraka mno. Picha ileile ilikuwa na mstari mwingine chini zaidi ambao yeye hakuuzungushia kitu, na mimi sikuusoma mpaka baada ya kula. Huo ndio uliotupa kazi. Tutaufikia. Kwanza tuumalize huu wa juu, kwa sababu maneno yake machache yamebeba karibu nusu ya msamiati ambao watu wa mitandao hutupiana mbele ya wateja bila kuueleza.

Tuanze na jina la chombo chenyewe, ambacho kwenye mstari kimejiandika UFW. Mtaani tunasema fayawoli, na wanaotaka Kiswahili kitupu husema ukuta wa moto. Tafsiri hiyo ina walakini. Anayeisikia mara ya kwanza huona ukuta unaowaka, mdukuzi akiusogelea anaungua. Kumbe neno limetoka kwa waashi: ni ule ukuta mnene usio na dirisha unaojengwa kati ya nyumba zilizoshikana au maghala yaliyopakana, ili la huku likiwaka la kule lisalimike. Programu nyingine zilizotafsiriwa huandika "ngome". Ni neno zuri, ila nalo linatupeleka kwenye mawe na mizinga, na fayawoli haina jiwe hata moja. Ni orodha ya kanuni, pamoja na programu inayoisoma orodha hiyo kila kitu kinapopita.

Orodha hiyo inaweza kukaa kwenye ruta mliyopewa na mtoa huduma wa intaneti, kwenye boksi la mamilioni ndani ya kabati la benki, au kwenye kompyuta yako mwenyewe. Windows huja nayo ikiwa imewashwa tangu Agosti 2004, Microsoft walipotoa Service Pack 2 ya Windows XP. Walikuwa wametoka kusumbuliwa na minyoo, yaani programu hasidi zinazojisambaza zenyewe, kama Blaster, iliyoingia kwenye kompyuta ya mtu ambaye hajafungua barua pepe wala kubonyeza chochote. Ilitosha awe ameunganishwa.

Sasa mstari. Chochote unachotuma mtandaoni, iwe picha ya harusi au salio la mkopo, hukatwa vipande vidogo, na kila kipande huitwa pakiti. Kwenye waya wa kawaida wa ofisini pakiti moja haizidi baiti 1,500 hivi. Ichukulie kama bahasha: ndani kuna kipande cha maneno yako, juu kuna anwani. Fayawoli ya kawaida husoma juu tu.

Sisi tuliokua na anwani za S.L.P. tuna bahati hapa, maana kazi ya kueleza imeshafanyika. Barua ya kwenda S.L.P. 23 Morogoro inafika kwanza posta ya Morogoro, halafu namba ya sanduku ndiyo inayosema ni ya nani. DST=198.51.100.7, yaani mahali pakiti inakokwenda, ndiyo posta. Hiyo ndiyo anwani ya IP. DPT=23 ndiyo sanduku, nalo tunaliita poti. SRC ni anwani ya aliyetuma, na SPT=51544 ni sanduku la muda alilojifungulia upande wake ili jibu likija lijue pa kutua; zile namba kubwa kubwa hazina maana nyingine.

Kila kompyuta ina poti zaidi ya 65,000 kwa kila itifaki, na chache zimezoeleka kwa kazi maalumu. 443 ni ya tovuti zenye kile kikufuli. 53 ni ya kuulizia majina, yaani DNS, inayobadili jina la tovuti kuwa namba. 22 ni ya SSH, ambayo sisi mafundi tunaitumia kuingia kwenye seva tukiwa mbali. 3389 ni ya kuifungua kompyuta ya Windows ukiwa kwingine, na 445 ni ya kugawana mafaili ndani ya ofisi. Usichanganye na vile vitundu vya kuchomekea waya nyuma ya ruta, ambavyo navyo tunaviita poti. Poti ya kwenye mstari huu ni namba tu. Na tukisema "poti iko wazi" maana yake ni kwamba kuna programu inayosikiliza kwenye namba hiyo. Sanduku lisilo na mwenyewe halipokei barua, hata ukilala mlango wazi.

Poti 23 ni ya Telnet, mkongwe aliyezaliwa mwaka 1969 pamoja na mtandao wa ARPANET. Hutumika kuingia kwenye mtambo wa mbali kama SSH, tofauti ni kwamba nenosiri lako husafiri jinsi lilivyo, na yeyote aliye njiani analisoma. Hakuna sababu ya maana ya kuiacha wazi leo.

Imebaki PROTO=TCP na kale kaneno SYN mwishoni, na hapa Kiswahili kinatusaidia tena. Itifaki ni desturi ya mazungumzo. TCP ni desturi ya watu wenye adabu: haianzi kusema kabla ya kubisha. Anayetaka kuingia hutuma SYN, mwenyeji hujibu SYN-ACK, mgeni hufunga kwa ACK. Hodi, karibu, ahsante. Baada ya hapo ndipo data huanza kupita, na kila kipande kikipotea njiani hutumwa upya. UDP haina hayo. Ni kama muuza samaki anayepita mtaani akipaza sauti, ukisikia umesikia. Maswali mengi ya DNS na simu za video hutumia UDP kwa sababu kukawia kwa ajili ya adabu kunaharibu mazungumzo.

Kwa hiyo mstari mzima unasema hivi: mtu wa 203.0.113.45 amepiga hodi kwenye mlango wa Telnet wa ofisi yenu, kupitia waya wa nje, eth0, na fayawoli haikumruhusu. OUT haina kitu, maana yake pakiti ilikuwa imekuja kwenye kikompyuta chenyewe, haikuwa inapitishwa kwenda kwingine.

"Haikumruhusu" nayo ina namna mbili. Kuna kukataa kwa sauti, ambapo fayawoli hurudisha ujumbe kwamba hatupokei wageni, na kuna kunyamaza, ambapo pakiti hutupwa na mpigaji hodi hubaki barazani akingoja. Ya kwanza ni ya kiungwana na hurahisisha kazi ya fundi anayetafuta hitilafu. Ya pili humpotezea muda mgeni asiyealikwa. Kwa upande wa nje mimi hunyamaza. Kwa upande wa ndani, ambako anayezuiwa huenda ni mhasibu mwenyewe akijaribu kuchapisha, hukataa kwa sauti, la sivyo nitapigiwa simu kuulizwa kwa nini kompyuta "imeganda".

Nani huyo anayebisha? Hilo ndilo swali lililomtia mhasibu wasiwasi, na jibu lake huwashangaza wengi: hakuna anayeijua ofisi yenu. Anwani za IP za mtindo huu, IPv4, ni bilioni 4.3 tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap na kuonyesha kwamba kompyuta moja yenye intaneti nzuri inaweza kubisha poti moja kwenye anwani hizo zote kwa chini ya dakika 45. Dunia nzima, kabla mechi haijafika mapumziko. Anayebisha poti 23 ya saccos ya Morogoro amebisha pia ya hospitali ya Peru na ya kiwanda cha Vietnam, na hana habari nao wote. Kitendo hicho huitwa kupekua poti, na kama ruta yako inatunza logi, yaani daftari la yaliyopita, utakikuta kila saa.

Mara nyingi anayebisha si mtu, ni kamera. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikibisha poti 23 na kujaribu orodha ya majina na manenosiri sitini na kitu yaliyowekwa na viwanda, "admin" kwa "admin" na mengine ya ukoo huo. Ilipofunguliwa, iliingia na kukigeuza kifaa kiwe mtumwa, nacho kikaanza kubisha kwa wengine. Kamera za ulinzi, vinasa picha na ruta za nyumbani viligeuka jeshi, yaani botineti. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo liliielemea Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikihudumia DNS za tovuti kubwa, na watu wengi wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Waliotengeneza Mirai walikuwa vijana watatu wa Marekani, na walikiri makosa mahakamani mwaka 2017. Ila walikuwa wameshaumwaga msimbo wake hadharani, na wajukuu zake wanabisha hodi mpaka leo.

Ndipo nikausoma ule mstari wa chini.

[UFW BLOCK] IN=eth1 OUT=eth0 SRC=192.168.1.64 DST=203.0.113.200 PROTO=TCP SPT=40112 DPT=23 SYN

Poti ni ileile, 23, na hodi ni ileile. Lakini angalia mwelekeo. Imeingia kwa eth1, waya wa ndani, na ilikuwa inataka kutoka kwa eth0. Na aliyetuma ni 192.168.1.64.

Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani. Zilitengwa rasmi mwaka 1996 pamoja na zile zinazoanza na 10 na baadhi ya zinazoanza na 172, ili kila nyumba na kila ofisi izitumie bila kugombana na mtu, maana zile bilioni 4.3 zilikuwa zinaonekana wazi kwamba hazitatosha. Ruta ya saluni na ruta ya wizara zinaweza zote kuitwa 192.168.1.1. Pakiti ikitoka, ruta hufuta anwani ya ndani na kuandika ya kwake. Jibu likirudi hufanya kinyume. Huo ndio mchezo unaoitwa NAT. Wengi huamini kwamba NAT ni fayawoli, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha. NAT inaficha tu. Haina maoni kuhusu nani apite, na kwa anayetoka haina kizuizi chochote.

Kwa hiyo ndani ya ofisi kulikuwa na kitu kinachobisha poti 23 za watu duniani. Tulikuwa na mtumwa wetu wenyewe.

Kilikuwa kinasa picha cha kamera, ile DVR iliyowekwa juu ya kabati la mafaili. Miezi kadhaa nyuma mwenyekiti alitaka kuona kamera kwenye simu akiwa nyumbani, na fundi wa kamera akaomba atobolewe njia. Tundu hilo kwa lugha ya kazi ni usambazaji wa poti: unaiambia fayawoli kwamba atakayebisha poti fulani kutoka nje apelekwe moja kwa moja kwa 192.168.1.64. Aliyelitoboa ni mimi. Sikuuliza nenosiri la DVR. Lilikuwa lile la kiwandani.

Kilichotuokoa na aibu kubwa zaidi ni kwamba fayawoli ilikuwa inachuja pande zote mbili. Watu wengi huchuja kinachoingia na kuacha kinachotoka kipite kama maji, kwa hoja kwamba waliomo ndani ni wenzetu. Kanuni zetu za kutoka, kwa maneno ya kawaida, zilikuwa nne. Pakiti za mazungumzo yaliyokwisha kuruhusiwa, zipite. Kutoka ndani kwenda nje kwa poti 53, 80 na 443, zipite. Kutoka kompyuta mbili za wahasibu kwenda kwenye seva ya barua pepe, zipite. Yote mengine, zuia na uandike kwenye logi.

Hiyo ya kwanza ndiyo moyo wa fayawoli za leo. Vichujio vya mwishoni mwa miaka ya 1980 vilisoma kila bahasha kana kwamba ndiyo ya kwanza duniani, bila kujua kama ni hodi mpya au ni jibu la swali ulilouliza mwenyewe. Fayawoli yenye kumbukumbu huandika kila hodi iliyotoka ndani, na jibu likija hulitambua na kulipitisha bila kanuni nyingine. Kampuni ya Check Point ya Israel ndiyo iliyoitangaza njia hiyo sokoni kwa bidhaa yake ya FireWall-1, mwaka 1994. Ndiyo maana unaweza kufungua tovuti yoyote ingawa hakuna aliyeruhusiwa kubisha kwako.

Ya mwisho huitwa kanuni ya msingi: kisichoruhusiwa kimekatazwa. Na mpangilio una maana, kwa sababu fayawoli kama hii husoma kuanzia juu na kusimama kwenye kanuni ya kwanza inayolingana. Nimewahi kukuta ofisi yenye kanuni arobaini zilizoandikwa kwa ustadi, na juu yake moja iliyoandikwa "ruhusu vyote", na maelezo pembeni: "kwa muda". Zile arobaini hazikuwa zimesomwa hata mara moja tangu siku hiyo.

DVR tuliichomoa usiku uleule. Mhasibu alifuata waya kwa tochi ya simu nami nikimwelekeza. Programu za ukoo wa Mirai nyingi hukaa kwenye kumbukumbu ya muda ya kifaa, kwa hiyo ukizima na kuwasha hufutika. Lakini ukikirudisha kifaa mtandaoni na nenosiri lilelile, kinaweza kutekwa tena baada ya dakika chache. Asubuhi nilikwenda mwenyewe. Nikaisafisha, nikaweka toleo jipya la programu yake, nikabadili nenosiri, nikaziba lile tundu. Mwenyekiti sasa anaingia kwa VPN, yaani njia iliyosimbwa, isiyosomeka na aliye njiani, kati ya simu yake na ofisi, ambayo humtaka ajitambulishe kabla hajafika kwenye kitu chochote. Alilalamika kwamba ni hatua mbili. Ni kweli, ni mbili.

Halafu kamera nikazihamishia kwenye mtandao wao peke yao. Swichi ni ileile, waya ni zilezile, ila zimewekewa alama tofauti ili zisionane na kompyuta za wahasibu bila kupitia fayawoli; huo mgawanyo ndio VLAN. Kama ofisi ingekuwa na seva ya tovuti inayotembelewa na watu wa nje, ningeipa nayo chumba chake, ile DMZ unayoisikia kwenye vikao. Ifikirie kama baraza: mgeni anapokelewa hapo, anahudumiwa hapo, na kufika kwake barazani hakumpi ruhusa ya kuingia jikoni.

Anayeona kugawa ni usumbufu akumbuke tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu hasidi iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta za nchi nyingi na kudai dola 300 za bitcoin kwa kila moja, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha huduma za wagonjwa. Ilitembea kwa poti 445. Ikishapata kompyuta moja ndani, fayawoli ya getini ilikuwa haina la kusema, kwa kuwa mazungumzo ya ndani kwa ndani hayapiti getini. Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha udhaifu wa Windows iliopitia tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla.

Kuna msamiati mwingine ambao utaukuta kwenye nukuu za bei, nao niupitie haraka. IDS ni mlinzi mwenye filimbi: akiona kinachofanana na shambulio anapiga kelele. IPS ni yuleyule akiwa amepewa rungu. WAF hukaa mbele ya tovuti moja na kusoma yaliyomo kwenye maombi, si bahasha tu. "Fayawoli ya kizazi kipya" ni ile inayojaribu kutambua programu gani inazungumza hata kama zote zinapita poti 443, na kwa kawaida huuzwa pamoja na leseni ya kila mwaka. Kabla ya kutia sahihi uliza bei ya mwaka wa pili. Leseni ikiisha, boksi hubaki likichuja kwa taarifa zilizopitwa na wakati.

Shambulio la kuzidisha maombi, DDoS, ni jambo jingine kabisa. Mwishoni mwa Julai 2023 Wakenya walipata shida kufungua eCitizen, jukwaa la huduma za serikali. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na serikali ikathibitisha kwamba kulikuwa na shambulio. Hapo hakuna lazima ya kuvunja mlango wowote. Wabishaji wanajazana barabarani mpaka wenye shida za kweli wasifike, na fayawoli yako, iliyo mwisho wa barabara hiyo, itakataa kila mmoja wao kwa usahihi huku huduma ikiwa imesimama. Dawa yake iko juu zaidi, kwa mtoa huduma au kwa kampuni zenye mabomba makubwa ya kuumeza msongamano huo.

Na kuna yale ambayo fayawoli haiyaoni kabisa. Bahasha ya poti 443 imefungwa kwa usimbaji. Mfanyakazi akifungua tovuti bandia ya benki na kuandika nenosiri lake, fayawoli inaona mazungumzo halali yaliyoanzishwa kutoka ndani. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" haupiti hata karibu yake.

Mhasibu nilimweleza haya yote pale ofisini, yeye akiwa na kalamu. Aliandika vitu viwili tu: IN na OUT, na mishale. Wiki iliyofuata akanitumia picha nyingine ya skrini, saa nne usiku. Poti 3389, anwani ambayo hatujawahi kuiona. Nikaanza kuandika jibu, lakini ujumbe wake ukatangulia: "OUT iko tupu kaka. Nalala zangu."